Casimir Zagourski: rubani wa zamani aliyepiga foto za Congo, na watu waliobaki bila majina

Mkaaji wa Katindo, hapa Goma, hahitaji kwenda katika jumba la makumbusho ili aone piesi ya ndege ya zamani. Uwanja wa ndege wa mji wetu uko katikati ya nyumba za watu. Kwa miaka mingi, pembeni mwake zililala ndege zilizozeeka: bawa juu ya mawe meusi ya volkano, moteri imetolewa, vioo vimevunjika, majani yameota kati ya magurudumu. Foto za watoto wa Goma wakicheza juu ya mabaki hayo zimezunguka dunia.

Kuna wapiga foto wanaofanya kazi ya namna nyingine na vyuma kama hivyo. Wanachukua helisi ya mbao, silinda ya moteri au saa ya kupima urefu wa angani, wanaiweka juu ya meza, wanaiwashia taa ya pembeni, kisha wanaipiga foto polepole, kama vile mchoraji anavyochora matunda na kikombe. Kitu kimetulia. Hakuna mtu. Alama ya mafuta, kutu na mikwaruzo inaonekana wazi, na kweli foto kama hiyo inapendeza.

Lakini sisi wa Goma tukiona chuma cha ndege, swali la kwanza ni lingine: nani alikuwa ndani? Tarehe 15 mwezi wa nne 2008, ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia ndani ya Birere, kati ya maduka na nyumba. Watu walikufa, wengine wakiwa si abiria hata kidogo. Tangu siku hiyo, kwetu piesi ya ndege si kitu cha kupamba meza tu. Ina watu nyuma yake, na watu hao wana majina.

Swali hilo la kitu kinachoonekana na mtu asiyetajwa linatupeleka moja kwa moja kwa Casimir Zagourski. Yeye alikuwa rubani wa kijeshi kabla ya kuwa mpiga foto. Foto zake za Congo ni kati ya zile zinazojulikana zaidi duniani, na inawezekana wewe msomaji umeona moja bila kujua jina la aliyeipiga.

Mpoland chini ya bendera ya Urusi

Zagourski alizaliwa mwaka wa 1883 katika mji wa Zhytomyr. Leo mji huo uko Ukraine, lakini wakati ule ulikuwa ndani ya ufalme mkubwa wa Urusi. Familia yake ilikuwa ya Wapoland. Katika lugha yao jina lake huandikwa Kazimierz Zagórski. Huku Congo aliliandika kwa namna ya Kifaransa, na ndivyo linavyosomeka mpaka leo chini ya foto zake.

Jambo moja la kuzaliwa kwake ni lazima likumbukwe, kwa sababu linasaidia kuelewa yanayofuata. Alipozaliwa, nchi ya Poland haikuwa kwenye ramani. Mwaka wa 1795, Urusi, Prussia na Austria zilimaliza kuigawanya. Kwa miaka zaidi ya 120 watu wake waliishi chini ya wafalme wa kigeni, na wengi katika Ulaya walifikiri habari ya Poland imekwisha. Lakini mama waliendelea kuzungumza Kipoland na watoto wao nyumbani, mapadri waliendelea kuhubiri, na vitabu viliendelea kuandikwa. Nchi ilifutwa, watu hawakufutika.

Kijana Zagourski aliingia jeshini, na jeshi lililokuwepo lilikuwa la Urusi. Huko akawa mtu wa ndege.

Leo tunasema rubani tukifikiria mtu aliyevaa shati jeupe, amekaa mbele ya vioo na taa nyingi. Wakati ule haikuwa hivyo. Ndugu Wright walikuwa wameruka Marekani mara ya kwanza mwishoni mwa 1903, na ndege za miaka iliyofuata zilitengenezwa kwa mbao, kitambaa na waya. Mtu wa Goma anayejua namna fundi anavyochonga chukudu, akichagua mti, akiangalia nyuzi zake, akipima uzito kwa mkono, anaweza kuelewa kazi ya fundi wa ndege wa wakati ule. Bawa lilikuwa mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa, kisha kitambaa kikapakwa dawa ili kikaze kama ngozi ya ngoma. Moteri nyingi zilizunguka zenyewe pamoja na helisi, na zilitiwa mafuta ya mbarika, ambayo yalimrukia rubani usoni muda wote wa safari.

Kwa hiyo rubani alipaswa kujua kila piesi. Waya mmoja ukilegea, au ufa mdogo ukitokea katika helisi, mtu alikufa. Kuangalia vizuri haikuwa mapambo, ilikuwa njia ya kurudi nyumbani.

Vita Vikuu vya 1914 vilipoanza, kazi ya kwanza ya ndege haikuwa kutupa mabomu. Ilikuwa kuona: kupita juu ya adui, kuhesabu mizinga yake, kupiga foto za mitaro yake. Katika majeshi yote, ndege na kamera vilikua pamoja kama mapacha.

Mwaka wa 1917 ufalme wa Urusi ulianguka. Mwezi wa kumi na moja 1918, Poland ilirudi kwenye ramani. Zagourski alitumikia katika jeshi la anga la nchi hiyo mpya, ambayo mara moja iliingia katika vita na Wabolsheviki mpaka mkataba wa amani wa 1921. Alifikia cheo cha afisa mkubwa. Kisha mwaka wa 1924, akiwa na umri wa miaka karibu 41, aliacha jeshi na Ulaya, akaja Congo.

Léopoldville, mji uliokuwa unajengwa

Njia ya kawaida ya wazungu wakati ule ilikuwa meli mpaka Matadi, kisha gari la moshi mpaka Léopoldville, leo Kinshasa. Reli hiyo ilikuwa imemalizika mwaka wa 1898, na ilikuwa imekula maisha ya wafanyakazi wengi Waafrika. Zagourski aliukuta mji uliokuwa unakua haraka, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kuhamisha makao yake makuu kutoka Boma. Maofisa, wafanyabiashara na mapadri walikuwa wanaongezeka, na kila mmoja wao alitaka kutuma foto kwao.

Zagourski alifungua studio. Alipiga foto za watu na familia, za sherehe, za majengo mapya. Ilikuwa kazi ya mkate wa kila siku.

Tukumbushe kwamba alifika wakati ambapo ndege zilikuwa zinaanza kuwa jambo kubwa hapa kwetu. Mashariki mwa Congo ilikuwa imeziona mapema. Mwaka wa 1916, Wabelgiji walileta ndege za majini za aina ya Short zikiwa zimefungwa vipande vipande ndani ya masanduku. Zilipita baharini, kwa reli, kwa mashua za mto, na kwa mabega ya wapagazi, mpaka Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie. Huko mafundi waliziunganisha piesi kwa piesi. Mwezi wa sita, rubani Aimé Behaeghe na wenzake waliruka mpaka Kigoma kutupa mabomu juu ya Wajerumani na meli yao Graf von Götzen. Meli hiyo baadaye ilipewa jina Liemba na ikafanya kazi ziwani kwa miaka mingi. Behaeghe hakurudi kwao. Ugonjwa ulimuua Niemba kabla ya mwaka huo kwisha.

Kati ya 1920 na 1922 ndege za majini zilifuata mto Congo kutoka Kinshasa kuelekea Stanleyville, leo Kisangani. Na tarehe 3 mwezi wa nne 1925, miezi michache tu baada ya Zagourski kuja, Edmond Thieffry na wenzake wawili walitua Léopoldville wakitoka Brussels kwa ndege. Safari yao ilichukua siku 51. Miaka minne baadaye Thieffry mwenyewe alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ziwa Tanganyika. Ilipofika 1935, shirika la Sabena lilianza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Congo, kwa siku tano na nusu.

Yaani rubani wa zamani aliishi katika mji ambapo ndege zilikuwa habari ya kila wiki. Lakini jina lake halikubaki katika historia ya ndege za Congo. Limebaki katika foto.

Afrika inayotoweka

Kazi iliyomletea sifa ilianza pale alipotoka nje ya studio. Tangu miaka ya 1920 mpaka karibu na mwisho wa maisha yake, alisafiri katika Congo na nchi za jirani, akipiga foto za watu, nywele zao, chale zao, ngoma zao, nyumba zao, silaha zao na wafalme wao. Alifika kwa Wakuba wa Kasaï, kwa Wangbandi wa kaskazini, kwa Wamangbetu wa Uele, kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, na katika Ruanda-Urundi. Barabara nyingi zilikuwa za vumbi au matope tu, na mito ilivukwa kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja.

Foto hizo alizitoa kama kadi za posta zenye namba, katika mfululizo aliouita kwa Kifaransa L'Afrique qui disparaît, yaani Afrika inayotoweka. Zilifika zaidi ya 400. Kila kadi haikuwa chapa ya mashine ya gazeti, bali foto ya kweli iliyosafishwa katika dawa. Ndiyo sababu mpaka leo, baada ya miaka karibu 90, ukiitazama unaona kila ushanga na kila unywele.

Kazi hiyo haikuwa rahisi katika joto letu. Filamu na vioo vya kamera vya wakati ule vilikuwa na tabaka la jelatini lenye chembe za fedha. Dawa zikipata joto sana, jelatini inalainika, inavimba, hata inabanduka, na foto imekwisha. Unyevu unaleta ukungu ndani ya lenzi. Vumbi la barabara linaacha alama. Mpiga foto wa Afrika ya kati alilazimika kufanya kazi usiku au asubuhi sana, kutafuta maji safi na ya baridi, na kukausha haraka. Aliyezoea kuangalia waya za ndege kabla ya kuruka alikuwa na tabia inayofaa kwa kazi ya namna hiyo.

Tabia hiyo inaonekana ndani ya foto zenyewe. Zagourski alimweka mtu karibu na kamera, mara nyingi kwa upande, mwanga wa jua ukipita juu ya shavu na shingo. Nyuma aliacha anga au ukuta bila vitu vingi. Nywele za mwanamke Mmangbetu, zilizosukwa na kuinuliwa juu kama taji, anazionyesha kwa usafi uleule ambao mtu angetumia kuonyesha helisi iliyochongwa na fundi mkubwa. Hakuna haraka. Hakuna ukungu. Kila mstari uko mahali pake.

Hapo ndipo uzuri wa kazi yake ulipo, na hapo ndipo shida yake ilipo pia.

Mtu si piesi

Helisi ukiiweka juu ya meza, huwezi kuikosea. Haina mama, haina kijiji, haikuja ikilazimishwa. Mtu ni tofauti. Chini ya kadi nyingi za Zagourski limeandikwa kabila, au aina ya kazi, au namna ya nywele. Jina la mtu halipo. Mwanamke aliyesimama mbele ya kamera, ambaye nyumbani kwake aliitwa kwa jina alilopewa na babu yake, alitoka katika foto akiwa mwanamke Mmangbetu na namba pembeni. Mzungu wa Antwerp au Paris alinunua kadi hiyo, akaandika salamu nyuma yake, akabandika timbri.

Tusisahau pia hali ya wakati ule. Congo ilikuwa koloni. Muzungu aliyefika kijijini kwa gari alikuwa na nguvu ya serikali nyuma yake, hata kama yeye mwenyewe si mtu wa serikali. Chifu akiita watu wakusanyike, watu walikusanyika. Wengine huenda walipenda kupigwa foto na wakavaa vizuri kwa ajili hiyo. Katika nyuso nyingine unaona fahari, hata mzaha. Katika nyuso nyingine unaona mtu anayengoja tu jambo limalizike. Foto haisemi ni nani aliyekubali na ni nani hakukubali.

Isisemwe kwamba wakati ule haikuwezekana kuandika majina. Mwaka wa 1904, mmisionari Alice Seeley Harris alipiga foto ya baba aliyekaa mbele ya mkono na mguu wa mtoto wake, vilivyokatwa katika ukatili wa mpira. Baba huyo alijulikana kwa jina lake, Nsala, na jina hilo lilizunguka dunia pamoja na foto, likasaidia kuvunja utawala wa Léopold wa Pili. Mwaka wa 1925, msafara wa magari ya Citroën ulipopita Uele, mwanamke Mmangbetu aliyepigwa foto humo alijulikana kwa jina Nobosodru. Majina yaliwezekana. Ni kwamba kwa kadi ya kuuza, kabila lilitosha.

Wala kamera haikuwa ya wazungu peke yao. Herzekiah Andrew Shanu, Mwafrika aliyetoka Nigeria ya leo, alikuwa mpiga foto Boma tangu mwisho wa karne ya 19. Baadaye alisaidia kutoa nje habari za mateso ya Wakongomani, serikali ikamwandama mpaka akajiua mwaka wa 1905. Katika miaka ya 1930, Antoine Freitas, aliyetoka Angola, alizunguka Kinshasa na Kasaï na kamera yake ya sanduku. Kwake watu walikuja wenyewe, wamevaa nguo walizochagua, kwa sababu walitaka foto ya kuweka nyumbani.

Neno kutoweka

Tuliangalie jina alilouchagulia mfululizo wake. Afrika inayotoweka. Ni nani aliyekuwa anaitowesha?

Miaka ileile ambapo Zagourski alizunguka, serikali ya kikoloni ilikuwa inadai kodi kwa pesa, ikilazimisha watu kulima pamba, ikichukua vijana kwenda migodini na katika mashamba makubwa, ikihamisha vijiji kando ya barabara. Desturi zilibadilika kwa sababu maisha yalibadilishwa kwa nguvu. Wamangbetu waliacha polepole kufunga vichwa vya watoto ili virefuke. Barabara iliyompeleka mpiga foto mpaka kijijini ndiyo iliyoleta mtoza kodi. Kamera ilisikitikia kitu ambacho gari lilikuwa linakivunja.

Fikra hiyo ilikuwa ya wakati wake. Tarehe 21 mwezi wa nne 1925, wiki chache baada ya Thieffry kutua, serikali ilianzisha Hifadhi ya Taifa Albert, leo Virunga, hapa hapa kwetu, kwanza kwa ajili ya sokwe wakubwa wa milimani. Kuhifadhi kinachokaribia kwisha lilikuwa wazo la siku. Lakini mnyama unaweza kumhifadhi bila kumuuliza jina. Watu wa kandokando ya volkano, waliopoteza mashamba na njia zao za uwindaji, waliona upande mwingine wa wazo hilo, na ugomvi wa mipaka ya hifadhi unaendelea mpaka leo.

Kwa mtu kama Zagourski kuna jambo la kushangaza zaidi. Yeye alitoka katika taifa ambalo dunia ilikuwa imesema limetoweka. Alizaliwa ndani ya kufutwa huko, na akiwa mtu mzima aliona kwa macho yake watu wa taifa hilo wakirudi na bendera yao. Alikuwa na kila sababu ya kujua kwamba watu hubadilika, huumia, hufichama, lakini hawatoweki kwa sababu tu mwenye nguvu ameandika hivyo. Hata hivyo neno hilo aliliandika juu ya Afrika nzima.

Hatumhukumu ili kumtupa. Bila yeye, ujuzi mwingi wa mikono ya wazee wetu usingeonekana tena: namna ya kusuka, kufua chuma, kujenga, kuchonga, kucheza. Wachongaji na wasusi wa leo wanaweza kujifunza kutoka kwa kadi zake. Lakini kushukuru hakuzuii kuuliza.

Paris, kisha kaburi la Léopoldville

Mwaka wa 1937, Maonyesho Makubwa ya Dunia yalifanyika Paris, na foto za Zagourski zilionyeshwa katika banda la Congo ya Wabelgiji. Ulikuwa mwaka wa sifa yake kubwa. Watu wengi wa Ulaya ambao hawangefika kamwe Ituri au Uele walisimama mbele ya nyuso hizo. Waliona uzuri, na waliona pia kile ambacho koloni lilitaka waone: Afrika isiyo na majina, isiyo na kesho, inayohitaji mlinzi.

Miaka miwili baadaye Ujerumani ilivamia Poland, na Urusi ya Wabolsheviki ikaingia kutoka upande mwingine. Nchi ya Zagourski iligawanywa tena. Mwaka wa 1940 Ubelgiji nayo ilikaliwa na Wajerumani, na Congo ikabaki upande wa Waingereza na wenzao. Wakongomani walilazimishwa kuongeza mpira, bati, shaba na madini mengine kwa ajili ya vita.

Zagourski hakuona mwisho wake. Alikufa Léopoldville mwaka wa 1944, akiwa na miaka karibu 60, baada ya kuishi Congo miaka 20. Nchi yake ilikuwa bado imekaliwa na wageni, kama siku aliyozaliwa.

Kadi ziko wapi leo

Leo kadi za Zagourski zinahifadhiwa katika makusanyo makubwa ya ng'ambo, kama vile chuo kikuu cha Yale na taasisi ya Smithsonian huko Marekani. Zimetolewa vitabu juu yake, na watu wenye kukusanya vitu vya zamani hununua kadi zake. Nyingi zinaweza kuonekana kwa simu.

Kwa sisi wa Goma jambo hili si la mbali. Mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuchoma nyumba za maelfu ya familia. Mwezi wa tano 2021 ilirudi tena upande wa Buhene. Juu ya hapo kuna vita na kukimbia. Katika Katindo kama katika mitaa mingine, mtu akikimbia hubeba mtoto, godoro, sufuria, pengine makaratasi ya shule. Albamu ya foto inabaki. Ndiyo maana familia nyingi za hapa hazina hata foto moja ya babu, wakati uso wa babu wa mtu mwingine, bila jina, umelala salama ndani ya sanduku lenye hewa ya baridi upande wa pili wa bahari.

Wazee waliobaki Isiro, Mambasa au Mushenge wanaweza bado kutambua alama za familia, namna ya ushanga, ua wa chifu fulani. Mtoto au mjukuu mwenye simu anaweza kuwaonyesha kadi hizo na kuandika watakayosema. Kila mwaka unaopita, wenye kujua wanapungua. Kinachotoweka kwa kweli ni hicho: kumbukumbu ya majina, si watu.

Na kijana wa Goma mwenye kamera, anayependa kupiga foto za mabaki ya ndege, anaweza kufanya hivyo bila aibu. Chuma cha zamani kina uzuri wake. Aweke mwanga wa asubuhi, asubiri vumbi litulie, apige. Lakini karibu na foto aandike ndege ilikuwa gani, ilitoka wapi, na kama watu walikufa ndani yake, awaulize wenyeji na aheshimu majina yao. Kazi hiyo ya mwisho, Zagourski, pamoja na jicho lake kali la rubani, aliiacha kwetu.

Nyumbani pia tunaweza kuanza leo. Geuza foto ya mama au ya mjomba iliyo ukutani, chukua kalamu, andika nyuma yake jina lake lote, mahali na mwaka. Kisha ipige kwa simu pande zote mbili na umtumie ndugu aliye mbali, ili hata nyumba ikichomwa au mkikimbia usiku, yule wa kwenye foto asiitwe kesho kwa jina la kabila lake tu.